Mtangazaji Tuliyemnyima Maji

Mimi ni binti wa Mabula, mfugaji wa Zagayu, na mama yangu ni Kabula, aliyelima pamba mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Nilizaliwa huko Zagayu, katika mwaka ambao hakuna aliyeuandika, nikaletwa upande huu wa Sapiwi kuolewa, na hapa ndipo nilipozeekea. Shule sikuiingia hata siku moja. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu, na uyaandike bila kuyapamba, ili atakayesoma ajue aliyesema ni nani.

Mtu ninayetaka kumwelezea sitamwanzia hivyo. Alizaliwa na nani, na watu wake walitoka wapi, hayo wayaseme wa ukoo wake, kama yupo bado anayekubali kuwa wa ukoo huo. Jina lake nalo hutaliandika. Kijiji kilikatazwa kulitamka, katazo hilo halijaondolewa mpaka leo, na mimi ni mmoja wa waliolitoa. Tutamwita kama tulivyomwita kabla ya katazo: Mtangazaji.

Hakuwa mtangazaji wa redio yoyote. Alikuwa mkulima wa pamba kama sisi, mrefu, mkavu, mwenye ekari chache za udongo mweusi kando ya njia ya ng'ombe. Kilichomtenga na wengine, nina maana kabla hatujamtenga kwa sheria, kilikuwa masikio yake na ulimi wake. Redio ilitangaza mpira kwa Kiswahili cha mbio, kana kwamba mwenye kutangaza anafukuzwa na fisi, na wengi wetu tuliokuwa watu wazima hatukuweza kukifuata. Yeye aliiweka redio kwenye sikio la kushoto, akafumba macho, na mchezo ukatoka kinywani mwake kwa Kisukuma, kwa pumzi ile ile, bila kupitwa hata na pasi moja ya mpira.

Viwanja vyote vya dunia alivileta hapa kwetu. Goli moja lilikuwa daima upande wa mtoni, na jingine upande wa kinu cha pamba. Hakusema winga wala beki. Alisema, "Yule dume mwenye baka anateremka upande wa mtoni, ndama wawili wamemkata njia, amewaruka, amewaruka!" Mpaka leo, ukiniambia kuna uwanja wa mpira mahali fulani, mimi naona mto pembeni yake. Najua si kweli. Lakini ndivyo nilivyoonyeshwa, na aliyenionyesha hakuwahi kuuona uwanja wowote isipokuwa ule wa shule yetu wenye mashimo ya kuku.

Mashindano aliyoyapenda ni yale ya mataifa. Ya vilabu vya nyumbani aliyadharau. Alisema vilabu vinawagawanya watu wa nyumba moja, lakini mataifa yakikutana, mtu anapata nafasi ya kumjua asiyemjua. Kulikuwa na nchi ambazo sisi tulizifahamu kwa sababu yake tu. Siku moja alituambia kuhusu nchi ya mbali mashariki ambayo mashabiki wake, hata timu yao ikifungwa, hubaki uwanjani wakiokota takataka.

Mzee mmoja aliyekuwa akivuta ugoro akauliza, "Wakifungwa ndipo wanafagia?"

"Ndiyo, baba."

"Basi waje wafungwe hapa kwetu. Soko letu lile ni chafu mno."

Tulicheka siku nzima. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa ajabu kwa hilo: aliwachekesha wengine kwa mambo ambayo kwake yalikuwa mazito. Bao halikuwa mwisho wa mchezo kwake. Filimbi ya mwisho ikipigwa, wengine wakinyanyuka kukung'uta nguo, yeye alibaki na redio sikioni, mkono mmoja juu kututaka tunyamaze, akingoja kusikia kama wachezaji wamepeana mikono. Wakivuliana fulana, alitangaza kwa sauti kubwa kuliko bao.

"Wamevuliana fulana!"

"Zina jasho bado?" nilimuuliza.

"Zina jasho, mayu."

"Na anaivaa? Jasho la mtu aliyemfunga?"

"Anaivaa, mayu. Ndiyo habari yenyewe."

Mayu kwetu ni mama, na ndivyo alivyoniita daima, ingawa tulipishana miaka michache tu. Hakuwa na utovu wa adabu hata kidogo. Lakini usiandike kwamba alikuwa mwema tu, maana sitaki umfanye malaika. Kaka yake mkubwa aliishi ng'ambo ya uzio wa minyaa, na hawakuzungumza miaka mingi kwa sababu ya uzio huo huo, kila mmoja akidai umesogezwa. Mtu aliyetetemeka kwa furaha kusikia mataifa mawili maadui yakipeana mikono alipita mbele ya ndugu yake kama anayepita mbele ya kichuguu. Nilimwambia hivyo usoni. Akanijibu, "Mayu, wale wana mwamuzi." Jibu hilo lilinikasirisha wakati ule. Sasa sijui.

Alikuwa bahili pia. Betri za redio alizianika juani juu ya paa kama michembe ya viazi, akazigeuza geuza, na mtoto aliyezigusa alikiona. Mpira wenyewe hakuwahi kuupiga. Ukimviringikia miguuni aliukamata kwa mikono, akaurudisha kama anayerudisha kifaranga. Mkimbiaji aliyemaliza wa mwisho katika mbio za dunia alimtoa machozi. Lakini mwanawe alipopatwa na degedege, mkewe ndiye aliyembeba mpaka zahanati peke yake, kwa sababu siku hiyo nchi mbili zilizopigana vita zilikuwa zinakutana uwanjani, na yeye alisema hawezi kuacha kusikia kama watasalimiana. Mtoto alipona. Mkewe alinisimulia habari hiyo tukiwa tunachambua pamba, na hakuinua macho alipokuwa akisimulia.

Sasa niseme habari ya mwano.

Mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, anayekula anaacha chakula, anayenyonyesha anamlaza mtoto, na kila mwanaume anachukua upinde au rungu na kukimbilia lilikotoka. Udhuru ni ugonjwa au kifo. Wa tatu haupo. Kijiji chetu hakina ukuta wala askari. Kina mwano.

Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, mwaka ambao Kombe la Dunia lilichezwa kwa mara ya kwanza katika bara letu. Mashabiki wa kule walipuliza tarumbeta za plastiki, na redio zote zilikuwa zikitoa mlio kama mzinga wa nyuki uliopigwa mawe. Alasiri moja, watu wakiwa mashambani, wezi waliingia katika zizi letu wakawatoa ng'ombe wote wa maziwa na madume mawili ya kulimia. Mimi ndiye niliyepiga mwano. Nilipiga mpaka nikasikia ladha ya damu.

Ng'ombe walipitishwa nyuma ya nyumba ya Mtangazaji, karibu kiasi kwamba samadi mbichi ilikutwa kwenye uwanja wake wa kuanikia pamba. Pale njia ni nyembamba, minyaa huku na minyaa huku. Mtu mmoja tu akisimama pale na fimbo, kundi linageuka. Mwanangu, baba yako mdogo, alikuwa akija mbio kutoka nyuma na wenzake wawili, wakitegemea kwamba mwenye nyumba ile atakuwa amesimama njiani. Hakuwapo njiani. Alikuwa ndani, na redio. Ng'ombe wakapita, na kule korongoni mwizi mmoja akageuka na panga. Mkono wa kulia wa baba yako mdogo unaufahamu. Haujashika jembe tangu siku hiyo.

Wazee saba tulikaa kumhukumu, mimi nikiwa mwanamke pekee, kwa upande wa akina mama. Alijitetea kwa maneno machache. Alisema tarumbeta zile zilijaza masikio yake, hakusikia chochote.

Mkuu wa sungusungu alimwambia, "Umewasikia watu wa ng'ambo wakifurahi, hukumsikia jirani yako akilia."

"Sikusikia, baba."

"Basi toa dume lichinjwe, na usimame mbele ya kijiji useme kwamba ulimwacha jirani."

"Dume nitatoa leo. Maneno hayo sitayasema, kwa sababu sikusikia."

Bila maneno hayo, dume halina maana. Tukamtenga. Asisalimiwe, asipewe moto, asipewe chumvi, asipokee maji kutoka mkononi mwa mtu, asisagiwe nafaka, jina lake lisitamkwe, na akifa asizikwe na kijiji. Atakayempa kimojawapo, atengwe pamoja naye. Nitakuambia jambo ambalo wanaume hawapendi kulikubali: katazo la namna hii hutamkwa na wanaume, lakini hulishwa na wanawake. Moto, chumvi na maji viko mikononi mwetu. Mimi niliongoza akina mama, nami nililisha katazo lile vizuri. Mkewe alivumilia mwaka mmoja, kisha akarudi kwao Migato. Watoto walikwenda Mwanza, mmoja mmoja.

Yeye alibaki. Na hili ndilo lililotusumbua: hakuacha kutangaza. Mashindano yalipofika, alikaa uani kwake peke yake, redio sikioni, akatangaza kwa sauti ile ile, akiwa ameuelekea uzio. Dume mwenye baka, ndama, upande wa mtoni, upande wa kinu. Sisi wanawake tulikuwa tukipalilia ng'ambo ya minyaa. Hakuna aliyesimama kusikiliza, maana kusimama kungekuwa kosa. Lakini majembe yalikwenda polepole, na mtoto akilia alinyamazishwa haraka. Hakuna tulichokisema juu ya hilo, wala jioni jikoni.

Miaka ikapita hivyo. Kisha akaja mtendaji wa kijiji, kijana wa Tanga, Mwislamu, mwenye adabu ya pwani. Kila aliponikuta aliniamkia mpaka nikaitikia. Siku moja alikaa kwenye kigoda changu, akaniambia, "Mama, pale Bariadi mjini kuna banda la kuonyeshea mpira. Mzee wenu huyu huenda pale kwa baiskeli. Anakaa katikati ya watumishi wa kila mkoa, waliotoka kanisani na waliotoka msikitini. Wanampa chai, anawachekesha. Kwa nini hapa kwake hapati hata salamu?"

"Kwa sababu pale hakuna aliyemlilia akamwacha."

"Serikali haitambui kumtenga mtu, mama."

"Serikali haikuja siku ya mwano."

Kisha akaniambia alichokuwa amekikusudia. Timu ya taifa ilikuwa ikitafuta nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, na mechi ilikuwa jioni ya Jumapili. Ataleta jenereta na projekta, ataweka kitambaa cheupe ndani ya ghala la pamba ambalo wakati huo lilikuwa tupu, na kijiji kizima kitatazama pamoja. "Mpira unaunganisha watu, mama. Nchi zilizopigana zinakaa uwanja mmoja."

"Zinakaa kwa muda gani?"

"Dakika tisini."

"Na baada ya hapo?"

Alicheka, nami sikucheka. Lakini nilikwenda. Kila mtu alikwenda.

Ghala lilijaa mpaka mlangoni. Wanaume upande huu, sisi upande ule, watoto mbele chini. Mtangazaji alikuja pia. Alisimama nje ya mlango, palipo na mwanga, ili asije akamgusa mtu. Mchezo ukaanza, na haikupita hata robo saa, spika ikatoa moshi ikafa. Tukabaki na picha isiyo na sauti: watu wadogo wakikimbia kwenye kitambaa, na hakuna aliyejua nani ni nani. Mbele alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Akawa anauliza, "Nani anao? Jamani, nani ana mpira?" Vijana walimjibu ovyo. "Wanao wale." "Wale kina nani?" "Wale wa rangi ile." Mzee alipiga mkongojo chini. "Rangi mimi naiona wapi?"

Ndipo mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akasema kwa sauti, "Mwiteni Mtangazaji."

Mkuu wa sungusungu alitazama ncha za viatu vyake. Hakuna aliyeita. Hakuna aliyekataza pia. Na kutoka mlangoni sauti ikaanza, ya chini kama ya mtu anayejaribu mlango: "Mpira uko kwetu. Uko upande wa mtoni. Kijana wetu, yule mfupi, amenyanyua kichwa, anatafuta mwenzake."

Yule mzee kipofu alitulia kama mtoto aliyepewa titi.

Sauti ikapanda. Watu wakasogea bila kugeuka, njia ikafunguka yenyewe katikati, naye akawa anaingia hatua kwa hatua huku akitangaza, mpaka akafika katikati yetu, kati ya wanaume na wanawake. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko ninavyokaa karibu nawe sasa. Kipindi cha pili, kijana wetu akafunga. Sijui nikuelezeje. Watu walirukiana. Kaka yake, yule wa ng'ambo ya uzio, alimshika mabega akamtikisa kama anayetikisa mti wa matunda. Mimi nilipiga vigelegele mpaka nikasahau umri wangu. Na yeye alikuwa akijaribu kutangaza bao, lakini koo lilikuwa limekauka, sauti haitoki. Nilikuwa na kibuyu changu cha maji. Nikamtia mkononi.

"Kunywa, baba," nikamwambia. "Usituache njiani."

Akanywa. Akanirudishia. Nami nikanywa baada yake, kwenye mdomo ule ule wa kibuyu.

Karibu na mwisho, wageni wakasawazisha. Yeye alitangaza bao lao kwa uaminifu, kama alivyotangaza letu. Filimbi ikapigwa. Alinyanyua mkono, tukanyamaza kama zamani, akasema, "Wanapeana mikono." Kisha jenereta likazimwa, mlango ukafunguliwa wote, mwanga ukaingia, na tukaonana. Tulitoka kimya. Yeye alisimama kando ya mlango akimwamkia kila anayetoka: "Mwadila. Mwadila, baba. Mwadila, mayu." Hiyo ni salamu yetu ya jioni, na haigharimu chochote kuiitikia. Hakuna aliyeitikia. Kaka yake alipita. Mtendaji alikuwa ndani akikunja kitambaa chake. Mimi nilipita na kibuyu mkononi.

Baada ya siku chache aliomba baraza, nasi wazee wale wale saba tukakaa. Hoja yake ilikuwa imejengwa vizuri, alikuwa ameifikiria. Alisema siku ile kijiji kizima kilimsikiliza. Kusikiliza si kosa, akakubali. Alishikwa mabega, hilo nalo linaweza kusemwa ni msongamano. "Lakini nilipewa maji," akasema. "Nilipewa maji kutoka mkononi mwa mtu wa kijiji hiki, na mtu huyo akanywa baada yangu. Mkilitunza katazo, basi mtengeni naye. Msipomtenga, basi katazo limekwisha, na mimi ni mtu kama nyinyi."

Mkuu wa sungusungu akauliza, "Nani alikupa maji?"

Tulikuwa tumekaa kwenye nusu duara. Mimi nilikuwa wa pili kutoka kushoto kwake. Alinyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta jina. Alikuwa amekuja pale akitumaini kwamba mtu mmoja atasimama mwenyewe, bila kutajwa, na alikuwa akimpa nafasi ya kusimama. Mtu huyo alitazama mikunjo ya kitenge chake. Andika kwamba alitazama mikunjo ya kitenge chake.

"Simjui," akasema mwishoni. "Sikumtazama. Macho yangu yalikuwa uwanjani."

Wazee wakacheka. Mmoja akajipiga kofi gotini. "Huyu kila siku! Masikio uwanjani, macho uwanjani. Mwili wake ndio uko Sapiwi!"

Katazo likabaki. Angenitaja, ningetengwa mimi, au angerudishwa yeye. Hakunitaja. Mtendaji alihamishiwa wilaya nyingine, na sikusikia tena mtu akisema kwamba mpira unaunganisha watu. Ulitukusanya, hilo nalikubali. Tulikuwa mahali pamoja, tukipumua pamoja, tukimpenda mtu yule yule, na ulipokwisha kila mmoja alichukua chuki yake pale alipoiacha mlangoni, kama anavyochukua viatu.

Nilimwona kwa karibu mara moja tu baada ya hapo, nayo ilikuwa mwaka jana, hospitalini Bariadi, nilipokwenda kuangaliwa macho. Nilikuta benchi limejaa watu wa kila aina: mama aliyejifunga hijabu, mwalimu mwenye lafudhi ya Kichaga, wakulima kama mimi. Palipokuwa na nafasi, nikakaa, na niliyekaa karibu naye alikuwa yeye. Alikuwa amekonda hata mifupa ya mashavu ilikuwa inaonekana kuwa mikubwa kuliko uso. Ukutani juu kulikuwa na televisheni ikionyesha mbio ndefu za mataifa, na kijana wa Tanzania alikuwa kati ya walio mbele. Benchi zima lilikuwa linatazama. Kwenye dirisha la dawa, hatua kumi kutoka kwetu, alisimama mke wa mpwa wangu, wa kijijini kwetu. Kwa hiyo nilizungumza nikitazama televisheni.

"Siku ile ya baraza nilipaswa kusimama."

Naye hakunigeukia. Alielewa. "Mayu, hayo yamepita."

"Maji yalikuwa yangu."

"Najua yalikuwa yako. Yalikuwa na harufu ya moshi. Wewe ndiye unayefukiza kibuyu kupita kiasi."

"Nikirudi nitawaambia."

"Utamwambia nani?" Akawahesabu, taratibu, kwa majina, wale wazee saba. Watano tulikuwa tumewazika. Wa sita hamtambui hata mwanawe. Wa saba ni mimi. "Hakuna aliyebaki wa kulifungua, mayu. Juzi mtoto mmoja alinikimbia njiani. Nikamuuliza, unakimbia nini? Akasema, hata sijui, nyumbani wamesema tukukimbie. Hajui nilifanya nini. Mama yake hajui."

Watu kwenye benchi walianza kupiga kelele. Kijana wetu alikuwa ameongeza mwendo.

"Na mimi nina langu," akasema. "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mwano. Nilikusikia wewe. Niliijua hata sauti. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, mayu. Nikasema, kwa dakika mbili ng'ombe hawaendi mbali. Kisha filimbi ikapigwa, nikasubiri nisikie kama wanapeana mikono."

Nilitazama televisheni. Sikuona kitu. Niliuona mkono wa mwanangu. Tangu baraza lile nilikuwa nimejiambia kwamba tumemwonea mtu asiye na hatia, na nilikuwa nimeizoea aibu hiyo. Sasa hata aibu yangu ilikuwa imenyang'anywa nusu, na ile nusu iliyobaki ilikuwa mbaya zaidi. Mbio zikaisha. Benchi zima likasimama. Mama wa hijabu akanishika mkono, mwalimu akamshika yeye, watu wasiojuana wakapongezana kama ndugu. Kisha jina la mtu likaitwa dirishani, mwingine akaitwa, na kila mmoja akaokota karatasi zake akaenda.

Muuguzi akaja, binti mdogo, ameshika cheti. Akasoma jina la Mtangazaji kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia tangu tulipolikataza. Akasema, "Mzee huyu analazwa. Yuko na nani? Lazima awe na mtu wa kubaki naye."

Akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekaa karibu. Mke wa mpwa wangu alikuwa amegeuka kutoka dirishani na mfuko wake wa dawa. Nikanyamaza.

"Niko peke yangu, binti," akasema Mtangazaji. Akanyanyuka kwa kushika ukuta.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilinyamaza kwa sababu ya hofu au kwa sababu ya mkono wa mwanangu. Jibu sikulipata, nawe usinitafutie. Hakutoka wodini. Mwili uliletwa na gari la halmashauri, ukazikwa nyuma ya nyumba yake na dereva, mtendaji mpya na vijana wawili waliotoka mjini. Kijiji kilibaki mashambani. Nilisikia majembe yao yakigonga ardhi ngumu tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa kichwani, na watu wanne hawachimbi kaburi kwa wepesi.

Sasa nisikilize, mjukuu wangu. Redio yake usiitafute. Ilichukuliwa na vijana wale, na iende. Picha yake haipo. Utakachokiweka ni karatasi hizi. Zifunge kwenye nailoni, uzitie ndani ya sanduku la bati, si la mbao, kwa sababu ya mchwa. Yale aliyoniambia kuhusu dakika mbili yaandike kama alivyoyasema, usiyapunguze kwa kumhurumia. Yale ya kitenge changu yaandike pia, usiyapunguze kwa kunihurumia mimi. Baba yako mdogo asisomewe peke yake. Asomewe pamoja na wote.

Na wote hao usiwasomee sasa. Nikifa, waache walie, wachimbe, wanizike wakiwa wengi, wale nyama, waondoe matanga. Ndipo uwasomee.